Wimbo wa Ituri Ulioliacha Jua Nyuma

Wimbo wa Kongo uliokwenda mbali kuliko wimbo mwingine wowote haukurekodiwa Kinshasa, haukuimbwa na Franco wala Tabu Ley, na hauna gitaa ndani yake. Ni wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, wa sherehe ya kuvunja ungo, nao unachukua sekunde 56 tu. Umo safarini tangu mwaka 1977. Ulipita karibu na Mshtarii, ukapita Zohali, na tarehe 25 Agosti 2012 ukavuka pale upepo wa jua unapokomea, ukaingia katika anga iliyo kati ya nyota na nyota. Hakuna kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu kilicho mbali zaidi ya chombo kilichoubeba.

Naandika haya nikiwa Lemera, juu ya bonde la Ruzizi, katika wilaya ya Uvira. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama mahali palipo wazi, unaona taa za bondeni chini yako, za Burundi ng'ambo ya mto, na juu kabisa setilaiti zikikatiza. Vijana wa hapa wanazifahamu. Wanazifuata kwa kidole mpaka zipotee nyuma ya milima, na wanabishana ipi ni ya intaneti na ipi ni ya kupeleleza. Lakini wengi niliowauliza hawakuwahi kusikia kwamba sauti za Kongo ya mashariki zimo katika kazi ya sanaa iliyotumwa kwa makusudi nje ya himaya ya jua letu, na kwamba kazi hiyo bado inasafiri. Hii ni habari yetu, na inastahili kusimuliwa kwa lugha yetu, uzuri wake na kasoro yake, hasa kwa kuwa kasoro moja inatugusa sisi: waimbaji wale hawana majina.

Vyombo ni viwili, Voyager 1 na Voyager 2, vya shirika la anga la Marekani, NASA. Voyager 2 ndicho kilichotangulia kuruka, tarehe 20 Agosti 1977, kutoka Cape Canaveral katika jimbo la Florida. Voyager 1 kilifuata tarehe 5 Septemba, kikampita mwenzake njiani. Vilitumwa kuchunguza sayari za mbali, na wahandisi walijua tangu mwanzo kwamba vikishamaliza kazi hiyo havitarudi nyumbani. Vitaendelea tu kwenda. Ndipo mwanaastronomia Carl Sagan wa Chuo Kikuu cha Cornell alipoombwa aandae ujumbe wa kuvisindikiza, endapo siku moja kiumbe mwenye akili atakutana navyo. Sagan alikusanya kikundi kidogo. Alikuwemo mwanaastronomia mwenzake Frank Drake, mwandishi Ann Druyan aliyesimamia ubunifu wa kazi nzima, Timothy Ferris aliyeitayarisha santuri, mchoraji Jon Lomberg aliyeshughulikia picha, na Linda Salzman Sagan aliyekusanya salamu. Walipewa miezi michache tu.

Walichokitengeneza ni santuri. Ni sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye upana wa sentimita 30, imefungwa ubavuni mwa kila chombo ndani ya jalada la alumini. Inazunguka mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, nusu ya kasi ya zile santuri kubwa za rumba walizochezea baba zetu, kwa sababu ikizunguka polepole inabeba mengi zaidi. Sindano ya kuichezea imewekwa humo humo.

Nimeikuza picha ya jalada lile kwenye skrini na kuikagua pembe kwa pembe, na kila nikiitazama nauona ubunifu mkubwa. Hakuna herufi hata moja, maana msomaji anayekusudiwa hajui alfabeti yoyote ya dunia. Juu kushoto kuna mduara, ndiyo santuri ikitazamwa kutoka juu, na sindano imechorwa mahali inapopaswa kuanzia. Kuuzunguka mduara kuna vistari vinavyoeleza kwamba mzunguko mmoja ni sekunde 3.6. Lakini utamwelezaje mgeni wa nyota nyingine maana ya sekunde? Walitumia atomi ya haidrojeni, ambayo ni ile ile kila mahali ulimwenguni: mabadiliko fulani madogo ndani yake yana muda wake maalumu usiobadilika, na muda huo ndio uliofanywa kipimo cha vyote. Upande wa chini kushoto kuna mistari inayotawanyika kutoka kituo kimoja. Hiyo ni ramani ya jua letu, likipimwa kutoka kwa pulsa 14, yaani nyota zinazopiga mapigo kwa mwendo maalumu, kila moja na mapigo yake. Na juu ya jalada wamepaka urani 238 kidogo. Nusu ya urani hiyo huoza katika muda wa miaka bilioni 4.5 hivi, kwa hiyo atakayeipata akipima kiasi kilichobaki atajua santuri imesafiri kwa muda gani.

Ndani yake mna vipande 27 vya muziki vinavyochukua takriban dakika 90, salamu katika lugha 55, picha 116 zilizogeuzwa kuwa mawimbi ya sauti, na sauti za dunia yenyewe: radi, mvua, vyura, fisi, tembo, hatua za mtu, kilio cha mtoto mchanga na mama akimtuliza. Picha zinasomwa mstari kwa mstari, mistari 512 kwa kila picha. Ya kwanza ni mduara mtupu, uliowekwa ili mgeni ajue kama amefanya vizuri: akiona yai, amekosea vipimo, arudie.

Wapo wanaoiona santuri hii kuwa pambo lililobandikwa kwenye mashine ya sayansi. Mimi naiona kuwa kazi ya sanaa kamili, na huenda ndiyo iliyothubutu kupita zote za karne iliyopita. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuamua Bach afuatwe na gamelani ya Java, au Chuck Berry akae santuri moja na imbo la usiku la Wanavajo. Hayo huamuliwa kwa sikio na kwa moyo. Waliita watu wanaojua nyimbo za mataifa, akiwemo Alan Lomax, aliyetumia maisha yake kukusanya muziki wa wakulima, wafungwa na wachungaji. Na kazi ilipokwisha, Ferris alichonga kwa mkono, katika nafasi tupu karibu na kitovu cha santuri, maneno ya kuitolea kazi hiyo kwa wote wafanyao muziki, katika dunia zote na nyakati zote.

Sasa tujitafute humo. Muziki wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara ni vipande viwili, ngoma zilizoorodheshwa kuwa za Senegali na wimbo wa Ituri. Katika picha wamo wawindaji wa Kisan, imo nyumba ya Kiafrika, na imo picha moja ambayo mtu wa Uvira hawezi kuipita bila kusimama. Ni picha ya mtafiti Jane Goodall akiwa na sokwe, na aliyeipiga ni mama yake mzazi, Vanne. Goodall alikwenda Gombe Julai 1960, kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma. Alikwenda na mama yake kwa sababu wakoloni wa Kiingereza walikataa msichana akae porini peke yake. Walipofika Kigoma waliukuta mji umejaa Wabelgiji waliovuka ziwa kukimbia Kongo, ambayo ilikuwa imepata uhuru siku chache tu kabla, na mama na binti wakajikuta wakisaidia kuwaandalia wakimbizi mikate. Hivyo hata habari ya ziwa hili, ambalo maboti ya Uvira yanalipanda na kulishuka kila wiki na mizigo ya dagaa na mawese, imo kwa namna yake katika sahani ile ya dhahabu.

Lugha ndizo zinazosikitisha. Kiganda kimo, na msemaji wake anawatakia wasikilizaji amani ya Mungu. Kinyanja kimo, Kiila cha Zambia kimo, Kisotho na Kinguni vimo. Vimo pia Kisumeri, Kiakadi na Kihiti, lugha ambazo kwa maelfu ya miaka hakuna mama aliyembembelezea mtoto nazo. Kiswahili hakimo. Kilingala hakimo, wala Kirundi, wala Kinyarwanda. Salamu nyingi zilirekodiwa palepale Cornell, kwa sauti za walimu, wanafunzi na majirani waliopatikana kwa haraka, na nafikiri hiyo ndiyo sababu kubwa. Siwalaumu kwa chuki yoyote. Nasema tu kwamba anayekuwa karibu na mlango siku wageni wanapoalikwa ndiye anayeingia, na sisi tulikuwa mbali.

Kwa namna nyingine Kiswahili kilishatangulia kupanda. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya taifa la Kenya, setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ilipewa jina Uhuru na msimamizi wake, Marjorie Townsend, kwa heshima ya wenyeji waliowapokea. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksi angani. Ilianguka mwaka 1979, lakini orodha ya vyanzo 339 ilivyovigundua bado inatumika, na vyanzo hivyo vinaitwa hadi leo kwa namba zinazotanguliwa na 4U, U ikiwa ni ya Uhuru. Naifurahia habari hii kila ninapoikumbuka. Hata hivyo jina la kifaa ni jambo moja, na sauti ya mtu akisema hujambo ni jambo jingine.

Turudi Ituri. Wimbo ule ulirekodiwa miaka ya 1950 na Colin Turnbull, mwanaanthropolojia aliyezaliwa London, ambaye alifika kwa Wambuti kwa mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi tena na tena, na mwaka 1961 akachapisha kitabu kuhusu maisha yao kilichosomwa duniani kote. Ameeleza sherehe yenyewe, inayoitwa elima. Msichana akivunja ungo, Wambuti hawalifichi jambo hilo wala kuliona uchafu. Ni furaha ya kambi nzima. Anaingia katika nyumba ya elima pamoja na wenzake, na mwanamke mtu mzima anawafundisha nyimbo za wanawake. Wanakaa humo wiki nyingi. Jioni wanaimba, na vijana wa kiume wanakusanyika nje wakiitikia na kutafuta njia ya kuingia. Nyimbo hizi hazina mwimbaji mmoja mkuu na kundi la waitikiaji nyuma yake. Kila mmoja ana kipande chake kifupi, pengine noti mbili tatu, anakitupia ndani ya nafasi walizoacha wenzake, na kutokana na vipande hivyo unajengeka wimbo ambao hakuna mmoja wao anayeweza kuuimba peke yake.

Niliwasikilizisha wanawake wa Lemera wimbo huo, jioni moja baada ya mazoezi ya korali. Niseme kwanza Lemera ni mahali gani, maana msomaji wa mbali anaijua kwa mambo mawili tu, yote ya mwaka 1996. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo hospitali ya hapa, ile iliyoanzishwa na wamisionari wa Kipentekoste wa Uswidi na ambako Daktari Denis Mukwege alianzia kazi yake, ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Na tarehe 23 Oktoba, jina la Lemera likaandikwa chini ya mapatano yaliyounda AFDL, muungano wa Laurent-Désiré Kabila na wenzake uliokuja kumwondoa Mobutu. Vita na mapatano: hayo ndiyo yanayopatikana vitabuni. Lakini Lemera ni mahali pa kuimba. Jumamosi huwezi kutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupita karibu na korali inayojinoa, na nyumbani wamama wenye umri wanajua bado nyimbo za Kifuliiru za harusi, za kulima na za kumpokea mtoto, ambazo hazijaingia katika kitabu chochote cha kanisa.

Basi waliisogeza simu katikati, ikawekwa kwenye benchi, na mmoja akainama kuikinga na upepo kwa kitenge chake. Sekunde 56 zikapita. Wakasema irudiwe. Mara ya pili msichana mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kufuatisha kwa midomo, akashindwa kukamata pa kuingilia, wenzake wakacheka. Mama mmoja mzee, ambaye hakuwa wa korali, alikuwa amekuja tu kumfuata mjukuu, aliuliza wimbo ni wa wapi. Nikamweleza: wa Ituri, upande wa Epulu, msituni, wa wasichana wakikua. Nikamweleza ulipofika. Hakushangazwa sana na nyota. Aliniuliza, "Aba bana banaimba muzuri. Majina yabo iko wapi?"

Nilimwambia ukweli. Katika orodha rasmi ya santuri, wimbo huo umeandikwa kama wimbo wa wasichana wa Kipigmi wa Zaire, na jina pekee lililotajwa ni la Turnbull, aliyeshika mashine. Chuck Berry ana jina. Louis Armstrong ana jina. Kesarbai Kerkar wa India ana jina, Valya Balkanska wa Bulgaria pia, na wote wanastahili. Wasichana wa Ituri hawana, kama vile asivyo nalo yule msichana wa Peru aliyeimba wimbo wa harusi. Enzi zile hata wakusanyaji waadilifu walimhesabu mwimbaji wa kijijini kuwa sauti ya kabila, si mtu. Walimwandika kama wanavyoandika aina ya ndege. Turnbull aliwapenda Wambuti kweli, kila ukurasa unaonyesha hivyo, lakini mapenzi hayo hayakufika hadi kwenye majina ya wale waliokuwa wakiimba jioni ile.

Na hao si watu wa hadithi za kale. Msichana wa miaka 13 katika miaka ile angekuwa bibi mzee leo, na watoto wake na wajukuu wake wangekuwa wanaishi katika msitu ambao umepitia makubwa. Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 kuzunguka Epulu, iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata tu ikahamishiwa orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Juni 2012 waasi waliivamia Epulu, wakaua watu na wale okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni. Huku kwetu Kivu Kusini, Wabatwa walifukuzwa katika msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970 ulipofanywa mbuga, na wengi wanaishi hadi leo kandokando ya ardhi walimozaliwa. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wa asili wa misitu. Ni hatua njema. Lakini nafikiri ni aibu kwamba mtu akitaka kuusikia wimbo wa elima anaupata kwa urahisi zaidi katika ujumbe wa NASA kuliko katika redio ya taifa au shule yoyote ya Kongo.

Suala la majina limewasumbua wasanii wengine wa anga pia. Sanamu ya kwanza kuwekwa mwezini ilikuwa ya Mbelgiji, Paul Van Hoeydonck: kijimtu cha alumini kisichofika sentimita 9, kilichoachwa pale na wanaanga wa Apollo 15 mwezi Agosti 1971. Kando yake waliweka kibao chenye majina ya wanaanga 14 waliokufa, Wamarekani na Wasovieti. Hapo walijua vizuri kwamba kumbukumbu bila jina haitoshi. Lakini jina la Robert Lawrence, Mmarekani mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwa mwanaanga, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1967, halimo katika kibao hicho.

Miaka hamsini baadaye, tarehe 26 Agosti 2021, roketi ya kampuni ya Blue Origin iliruka kutoka Texas ikiwa imebandikwa picha tatu za mchoraji Amoako Boafo wa Ghana. Alichora sura yake mwenyewe, ya mama yake, na ya mama wa rafiki yake. Safari ilikuwa ya dakika chache, kupanda na kushuka. Pamoja na hayo, naona Boafo alilijibu swali la yule mama mzee wa Lemera bila kulisikia. Alipopewa nafasi ya kupeleka kitu angani, hakupeleka nembo ya bara wala kinyago cha kabila. Alipeleka mama wawili wanaojulikana ni kina nani.

Kongo nayo ina wanaanga wake wa sanaa. Kinshasa, tangu mwaka 2013, kundi la Kongo Astronauts lililoanzishwa na Eléonore Hellio na Michel Ekeba limekuwa likitoa mitaani mtu aliyevaa vazi la mwanaanga lililoshonwa kwa mabaki ya simu na kompyuta: bodi za saketi, nyaya, vipande vinavyong'aa. Anatembea katikati ya soko, msongamano wa magari ukisimama kumtazama. Wametengeneza filamu na picha ambazo zimeonyeshwa katika nchi nyingi. Mtu wa Kinshasa anaweza kuona humo kituko na kuendelea na safari yake. Mtu wa Kivu hawezi. Ndani ya bodi zile mna tantali, na tantali inatokana na koltani, na koltani inachimbwa katika milima yetu hii kwa sururu na koleo, na watu wanaofukiwa na mashimo yanapoporomoka wakati wa mvua. Madini yanashuka mlimani mgongoni mwa watu, yanavuka mpaka, yanazunguka dunia, yanarudi kama simu, na simu ikifa inarudi Kinshasa kuwa takataka. Ekeba anaivaa safari hiyo yote mwilini mwake. Vazi ni zito, linapasha moto, na ndivyo linavyopaswa kuwa.

Mchoraji Monsengo Shula, wa Kinshasa pia, alichagua furaha. Katika picha yake kubwa ya mwaka 2014, iliyoonyeshwa mwaka uliofuata Paris katika maonyesho ya miaka 90 ya sanaa ya Kongo, wanaanga weusi waliovalia mavazi ya vitenge wanaelea wakizunguka setilaiti iliyobeba sanamu ya Kiafrika. Naipenda picha ile kwa sababu haimwombi mtu ruhusa. Hakuna anayesubiri kualikwa Cornell.

Voyager 1 sasa kiko umbali wa takriban kilomita bilioni 25. Mawimbi ya redio, yanayokwenda kwa kasi ya mwanga, yanachukua zaidi ya saa 23 kufika kutoka huko. Mwezi Novemba 2023 chombo kilianza kutuma ujumbe usioeleweka kwa sababu ya hitilafu katika kumbukumbu ya kompyuta yake ya zamani, na wahandisi, baadhi yao hawakuwa wamezaliwa kiliporuka, walihangaika miezi kadhaa mpaka wakairekebisha Aprili 2024 kwa kuhamisha programu kipande kwa kipande kwenda sehemu nzima. Umeme wake unatokana na joto la plutoni na unapungua wati 4 hivi kila mwaka, hivyo wanazima kifaa kimoja baada ya kingine. Siku moja kitanyamaza. Santuri haitegemei umeme huo. Upande wake uliohifadhiwa unakadiriwa kudumu angalau miaka bilioni moja, na baada ya miaka 40,000 chombo kitakuwa kinapita kiasi cha miaka 1.6 ya mwanga kutoka kwa nyota moja ndogo iitwayo Gliese 445. Kati ya kila tunachokifahamu leo, mipaka, vyama, majeshi, lugha hii ninayoiandika, sidhani kitakuwepo hata kimoja, na wasichana wale watakuwa bado kwenye mstari wao ndani ya shaba.

Hatuwezi tena kuifikia sahani ile na kuchonga majina. Tunachoweza ni kutorudia. Kila kijana wa Lemera mwenye simu ana mkononi mashine nzuri kuliko ile aliyoibeba Turnbull msituni. Nyimbo za Kifuliiru za wamama hawa zinaweza kurekodiwa wiki hii, bila msaada wa shirika lolote, na mwanzoni mwa kila wimbo mwimbaji akataja jina lake, la kijiji chake, na la aliyemfundisha. Naliandika hili kama ombi kwa walimu wa shule za hapa, kwa viongozi wa korali, kwa redio za jamii za Uvira na Sange, kwa mwami na wazee wake. Hakuna haja ya kusubiri chombo kingine kirushwe. Na kikirushwa kingine, wale watakaokuwa wakichagua nyimbo hawatakuwa na sababu ya kusema hawakupata majina.

Wanakorali hawakunisubiri nimalize hoja zangu. Siku ile ile, mmoja wa vijana alifungua simu yake akamwomba mama mzee aimbe ule wimbo wa kumpokea mtoto ambao mjukuu wake alisema anaujua. Kijana akataka kuandika kichwa cha wimbo kwanza. Mama akamzuia mkono: "Andika kwanza jina ya mama yangu, ni yeye alinifundishaka." Akalitaja mara mbili, taratibu, ili asilikosee, kisha akataja lake. Wimbo ulipofika katikati pikipiki ikapanda kilima ikiunguruma na kuharibu yote. Wakaisubiri ipite, kijana akafuta, na wakaanza upya, majina kwanza.